Niliandika Chanjo Imeshika Bila Kuona Mkono

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Sikusukumwa na mtu, sikulewa, sikurogwa. Naanza hivyo ili mtu asije akanitafutia udhuru, maana nimejitafutia mwenyewe muda mrefu na wote umeniishia. Jina langu sitaliandika. Wanaonijua hapa Arusha watanijua tu.

Mimi ni Mmeru, nimezaliwa huku juu mlimani kwenye migomba. Wamisheni walinifundisha kusoma, kisha wakanipeleka hospitali yao, mwendo wa siku tatu kwa miguu, nikajifunza uuguzi miaka miwili. Nilijua kuosha kidonda, kuchemsha visu, kufunga mfupa uliovunjika na kuchanja ndui. Siku ya kumaliza, daktari Mjerumani akanipa cheti chenye muhuri. Nikakitundika ukutani kwangu, na tangu siku hiyo nikaacha kujifunza.

Niliwekwa kwenye nyumba ya dawa huko mjini. Tulikuwa wawili, mimi na Rebeka, mjane wa makamo, mtu wa kwetu huku huku mlimani. Naye alikuwa amefundishwa, ila hakupewa cheti kwa kuwa kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha. Kazi yake ilikuwa kulisha wagonjwa, kuwageuza, na kufua vitambaa vya vidonda. Nilimwita mama kwa heshima ya umri, lakini moyoni nilimhesabu mfuaji.

Kulikuwa na desturi. Kila mwaka masika yakiisha, wauguzi wote waliotawanyika huku na huku waliitwa hospitali kwa siku kumi. Walifundishwa mambo mapya, wakatazamwa jinsi wanavyofanya kazi, na aliyekosea akasahihishwa mbele ya wenzake. Mwaka wa kwanza nilikwenda. Daktari akasema nafunga bendeji kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Watu wakacheka. Nilirudi nimefura kwa hasira.

Mwaka wa pili barua ilipokuja nikajibu kwamba mguu unaniuma. Uongo mtupu! Siku ile ile nilipanda mpaka kwetu kunywa pombe ya harusi. Rebeka akaenda peke yake, chakula chake kichwani.

Aliporudi, hata hajapumzika, alinikalisha akanieleza. Daktari amewaambia kwamba maji ya chanjo yanakufa kwa joto. Yanakuja kutoka pwani ndani ya vichupa vyembamba vya kioo, na yakipigwa na jua hayana kazi tena, hata ukichanja watu mia. Kwa hiyo yabebwe asubuhi mapema, ndani ya chungu, yamefungwa kwa kitambaa kibichi. Tena siku ya saba mchanjaji arudi atazame kila mkono. Lengelenge likiwa limetoka, chanjo imeshika. Kama hakuna kitu, achanje upya. Na kwenye daftari asiandike "imeshika" mpaka ameona kwa macho yake.

Nilimsikiliza huku natafuna muwa. Kisha nikamwambia, "Mama Rebeka, utanifundisha wewe kuchanja?"

Alichukua karai lake akaenda kufua.

Miezi michache baadaye habari zikafika kwamba ndui imeingia na msafara wa wachuuzi. Serikali ikaamuru watu wachanjwe. Mimi nikapewa kaya za wafugaji upande wa Kisongo. Asubuhi ya safari Rebeka aliniletea chungu na kitambaa kibichi. Nikasema chungu kitavunjika njiani. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana nafuata maneno yake. Nilifunga kisanduku cha vichupa juu ya punda nikaenda.

Jua la Kisongo mnalijua. Nilipofika nikakaribishwa maziwa, nikakaa kupiga soga, na punda amesimama pale pale na kisanduku mgongoni. Nilichanja kesho yake. Watu walikuja kwa wingi, hata wale waliokuwa wakiogopa kisu, kwa sababu niliwaambia kwamba aliyechanjwa haguswi na ndui. Waliniamini. Walinichinjia mbuzi.

Siku ya saba sikurudi. Vuli ilikuwa imeanza, njia ni tope, nami nikajiambia chanjo ni chanjo. Nikafungua daftari nikaandika mbele ya kila jina: imeshika, imeshika, imeshika. Ukurasa mzima, tena kwa mwandiko mzuri.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja kutoka kule, jina lake Nashipai. Kwao walimwita Yeyo, yaani mama, nami nikamwita hivyo. Uso wake ulikuwa na makovu ya zamani. Alikuwa ametembea tangu asubuhi, na tope lilikuwa limemfika magotini. Baada ya salamu akasema bila kuzunguka:

"Mwanangu, mimi sina hofu, ndui niliiugua nikiwa mtoto. Lakini binti yangu na mjukuu wangu, mikono yao imekauka kama hukuwagusa. Watu wa kwa kaka yangu walichanjwa na mwingine, yao imevimba. Hivi ni sawa?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Vichupa vipya vilikuwapo ndani, kivulini, Rebeka amevitunza. Kisongo si mbali. Lakini kwenda kuchanja upya ni kukiri kwamba nimekosea, na Rebeka yuko pale uani anafua, anasikia kila neno.

"Yeyo," nikasema, "damu yao ina nguvu, ndiyo maana haikuvimba. Nenda nyumbani, usiwe na wasiwasi."

Akanishukuru. Jamani, alinishukuru!

Alipoondoka Rebeka aliniuliza kama nitakwenda kuwatazama. Nilimwambia aendelee na kazi yake.

Haukupita mwezi, mkwe wa Nashipai akarudi na homa kutoka safari ya kutafuta malisho. Siku ya tatu vipele vikatoka. Desturi yao ni kumtenga mgonjwa wa ndui, ahudumiwe na mtu aliyewahi kuiugua. Nashipai alikuwa tayari kufanya kazi hiyo. Lakini binti yake akakataa, akasema mama amechoka, na yeye amechanjwa, mchanjaji amethibitisha kwamba hakuna shida. Akamuuguza mumewe kwa mikono yake mwenyewe, na mtoto yuko mgongoni.

Mume alipona. Binti akafa. Mtoto wao, msichana ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, alipona, lakini macho yake yote mawili yalipofuka. Katika kaya zile walikufa wengine pia. Majina yao yalikuwa kwenye ukurasa wangu.

Daktari akaja Kisongo kutoka hospitali, nami nikaitwa. Akawaita watu wote, akafungua daftari langu, akauliza kupitia mkalimani imekuwaje watu waliochanjwa, tena ikashika, wanakufa kwa ndui. Halafu akanitazama mimi.

Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba wafugaji hawa mchanjaji akigeuka tu huosha dawa kwa maji na kupaka samli.

Daktari akaamini. Akaanza kuwakaripia wazee wa watu mbele ya wake zao na watoto wao. Wazee wakainamisha vichwa. Ndipo Nashipai akasimama, amenyoa nywele zote kwa msiba. Akasema alinifuata mpaka mjini akaniuliza, nikamwambia ni sawa.

Daktari akaniuliza kama namjua mama huyu.

"Sijawahi kumwona," nikasema.

Nashipai hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

Rebeka alikuwa kwenye kibanda walimotengwa wagonjwa. Tangu ugonjwa uanze yeye ndiye aliyehamia kule kuwauguza. Akatoka, mikono bado inanuka dawa, akaja katikati ya watu.

"Bwana mganga, mama huyu alikuja. Nilikuwa uani, nilisikia maneno yote. Kosa ni langu pia, maana nilinyamaza."

Sikumbuki nilisema nini baada ya hapo.

Nilinyang'anywa cheti siku hiyo hiyo. Kisu cha kuchanjia akapewa Rebeka. Aliwachanja upya wote waliobaki, na siku ya saba akapita mlango kwa mlango. Kwa kuwa kuandika kulimshinda, aliweka nukta moja kwa kila mkono aliouona. Ukurasa ule hauna mwandiko mzuri, lakini ni wa kweli.

Mimi nilirudi mlimani. Wagonjwa hupita mlangoni kwangu wakiteremka kwenda kumtafuta Rebeka mjini.

Nilikwenda kwa Nashipai kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, naye aliniacha niyaseme yote. Mjukuu alikuwa ameketi juu ya ngozi pembeni yake, anapapasa ardhi kutafuta kibuyu chake cha maziwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Mimi ni mzee. Nikifa, nani atamshika mkono huyu kwenda mtoni?"

Nilimsogezea mtoto kibuyu chake, nikaondoka.

Mwaka huu masika yalipoisha nilitembea zile siku tatu bila kuitwa. Daktari hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliyekuwa mbele akionyesha jinsi ya kubeba vichupa ni Rebeka.

Nawaambia ninyi mnaouguza watu, na ninyi wengine mliofuzu kazi yoyote. Mkiitwa kujifunza tena, nendeni. Mkichekwa, vumilieni, kicheko hakiui. Mambo ya kazi yetu hubadilika wakati sisi tumekaa, na anayelipia ujinga wetu si sisi. Na akija mtu kukuuliza, hata akiwa mama asiyejua herufi hata moja, miguu imejaa tope, usimtafutie jibu ukiwa umekaa kitini. Inuka, ufuatane naye, ukatazame kwanza.