Istikhara ya Mwanamkasi

Njia mbili zilimshinda fisi, na Mwanamkasi naye zilikuwa zinamshinda. Asubuhi akiamka anabaki chuo kikuu, adhuhuri anahama, magharibi anabaki tena. Mwaka wa pili huu anasomea mambo ya mabenki, wala hafeli, ila kila akifungua kitabu anahisi usingizi na kilio kwa pamoja. Anachokitaka, au anachodhani anakitaka, kiko mtaa wa Oud Metha, hapo hapo Dubai: chuo kidogo juu ya mkahawa, ambako watu hufundishwa kutengeneza meno ya bandia, na mwisho wa kujiandikisha ni Alhamisi hii. Meno, jamani! Likizo iliyopita alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya hapo jirani, akamwona fundi akichonga gego la nta, akasahau hata kula.

Sasa amwambie nani? Baba yake, mzee Aidarus, msimamizi wa ghala kule Dubai Investments Park, amekwisha kuwatangazia Wapwani wote wa Dubai kwamba bintiye ni meneja wa benki. Mitihani bado, cheti bado, lakini kwenye maulidi watu humwita Mwanamkasi "meneja", naye huinamisha uso. Akihama, watasema amefukuzwa. Watu hawakosi la kusema, hasa wakishashiba pilau ya mtu.

Mama yake, Bi Rukiya, alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa kitako, akashusha pumzi. "Mimi sijui, mwanangu. Tumwombe shangazi yako akuswalie istikhara. Yule hakosi jibu."

Hapo ndipo walipoyakoroga. Istikhara, yaani swala ya kumwomba Mungu akuonyeshe njia, huiswali mwenye shida mwenyewe, lakini kwa ukoo huu mambo mazito hupelekewa shangazi Mwanaisha huko Mombasa, naye huswali, akalala, akaota, akatoa hukumu. Tena Bi Rukiya aliona haya kutamka kwamba mtoto anataka kuacha chuo kikuu. Akatuma ujumbe wa sauti: "Wifi yangu, Mwanamkasi ana jambo lake zito, linataka jibu kabla ya Alhamisi. Tuswalie." Jambo gani, hakusema.

Mwanamkasi akangoja roho juu. Aliswali mwenyewe pia, akaota paka. Paka ndiyo nini sasa? Akazidi kuchanganyikiwa.

Jumatano alasiri, mama na binti wako jikoni kwao Al Twar wakikaanga viazi karai, simu ikalia. Bi Rukiya akaiweka spika.

"Wifi!" shangazi alipaza sauti. "Nimeona nuru tupu! Mwambie asirudi nyuma. Hapo moyo wake ulipotua, ni hapo hapo!"

Mwanamkasi aliangusha mwiko. Akamrukia mama yake shingoni, machozi yanamtoka. "Nahama, mama! Alhamdulillahi, nahama!"

"Ahamie wapi tena?" shangazi akauliza. "Kwani mume si yuko huko huko Dubai? Ni wa ukoo gani kijana mwenyewe? Maana mimi majirani nimeshawaambia."

Kumbe! Msichana wa miaka ishirini akiwa na "jambo lake zito", shangazi angefikiria nini kingine? Alikuwa amemwombea mchumba.

"Si mume, wifi," Bi Rukiya akasema, jasho linamtoka. "Ni masomo. Anataka kuacha chuo kikuu akasomee meno."

"Meno?"

"Meno."

"Astaghfirullah. Hayo sikuyaombea mimi. Ngojeni niswali upya." Akakata simu.

Mwanamkasi alibaki kasimama katikati ya jiko. Jibu alilopewa ameshanyang'anywa, na kesho ndiyo Alhamisi. "Basi tumerudi pale pale, mama. Sijui nihame, sijui nibaki. Wallahi sijui."

Bi Rukiya akaiweka simu kando. "Shangazi yako alipokwambia uende moyo ulipotua, mbona hukuruka ukasema unabaki?"

Mwanamkasi akayafuta machozi yake.

"Baba yako akirudi leo utamwambia," mama akasema. "Mimi nitakaa ubavuni pako."

"Akikasirika je?"

"Atakasirika." Bi Rukiya akauokota mwiko, akausuuza, akamrudishia bintiye. "Geuza viazi, vinaungua."