Picha ya Fundi Aliye Qatar

Juzi nilikuwa katika ofisi ya matengenezo ya kiwanda kimoja cha chai karibu na Ikonge. Karani, binti wa kutoka pande za ziwa, alikuwa akihamishia kumbukumbu za mashine kwenye programu mpya ya kompyuta. Mama mmoja mkulima akaingia, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Nasikia unafuta jina la kijana wangu."

"Mama, kila mashine inaunganishwa na fundi aliye hapa. Yeye yuko Qatar."

"Kwani harudi?"

Karani alifungua ukurasa wa mashine ya kukaushia chai, akaondoa jina, kisha akaambatisha picha ya zamani: kijana ndani ya ovaroli, mkono juu ya mashine hiyo.

"Hii haitoki. Mashine ikiharibika, tukifungua ukurasa wake tutamwona."

Mama aligusa skrini kwa kidole.

"Na huharibika sana?"

"Sana, mama. Inatusumbua."

"Afadhali," akasema.

Sijawahi kumsikia mkulima wa chai akifurahia jambo kama hilo. Mashine ile ikisimama, majani ya mama huyo ndiyo hunyaukia kwenye kituo cha kuuzia, naye analijua hilo kuliko mimi.