Misimu Miwili ya La Doi

Siku alipozikwa La Doi, watu walimwambia mkewe Kai Ra neno lile lile, kila mmoja kwa namna yake: sasa umepumzika. Shangazi wa marehemu ndiye aliyeanza, akimshika mkono palepale kaburini. Kai Ra alirudi nyumbani, akaisukuma sufuria ya wali chini ya kitanda kama alivyozoea kuificha, kisha akakumbuka kwamba hakuna tena wa kumfichia. Akaiacha hukohuko.

La Doi hakuzaliwa teja. Alikuwa sauti ya besi katika kwaya ya kanisa, mwanamume wa kicheko kikubwa ambaye hata mama mkwe wake, asiyecheka na mtu, alikuwa akimgeuzia uso ili asionekane anatabasamu. Kisha akaenda Hpakant kama vijana wengine wa Kachin, kaskazini mwa Myanmar, kuokota mawe ya kijani ya thamani katika vifusi vya machimbo. Kule mgongo ukiuma, sindano ya unga ilikuwa karibu kuliko dawa ya maumivu. Alirudi amekonda, amevaa shati la mikono mirefu wakati wa joto kali, na Kai Ra akajua kabla hajaambiwa.

Vitu vya nyumbani vikaanza kupata miguu. Blanketi likaondoka, jogoo akaondoka. Kai Ra alikuwa mfumaji wa sketi nyekundu za maharusi, na siku moja sketi ya mtu nayo ikaondoka, haijamalizika hata ukingo. Alikwenda kwa wazazi wa bibi harusi akaomba radhi, akaanza kufuma upya. Vijana wa kanisa walimchukua La Doi mara mbili kwenye kambi ya maombi mlimani, wakamnyoa, wakamtumbukiza kwenye maji baridi. Kila mara alirudi na Biblia mkononi, na kila mara unga ulimshinda.

Asubuhi moja alimjia mkewe akitetemeka, arosto, yale mateso ya kukosa unga, imeshaanza.

"Nifunge kwenye nguzo, Kai Ra," alisema. "Nikikutukana usinisikilize. Anayetukana siyo mimi."

Akamfunga. Alitukanwa yeye, akatukanwa mamake aliyekufa, akatukanwa tumbo lake lisilozaa. Aliosha matapishi, akamnywesha uji wa mchele kwa kijiko, na ulipopita ule moto wa arosto, La Doi alilala kama mtoto. Baada ya hapo alikuwa mzima. Alirudi kwenye kwaya, na watu wakaanza tena kumwita kwa jina lake.

Kisha rafiki wa machimboni akapita kijijini. Mchana ule ule La Doi alikutwa nyuma ya shamba la miwa. Alikuwa amejidunga kipimo chake cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau.

Kabla ya ibada ya kumkumbuka, shemasi alikuja kwa upole kupanga maneno. "Tuseme ni moyo, binti yangu. Itakuwa heri kwako pia."

"Moyo wake ulikuwa mzima, shemasi. Ni unga uliomuua. Sema hivyo, au usiseme kitu."

Shemasi hakusema kitu. Ibada ikawa fupi. Maharusi nao wakaanza kupeleka kazi kwa wafumaji wengine, maana nani anataka sketi ya harusi kutoka nyumba ile? Hakuna aliyemgombeza wala kumsema vibaya. Walimpita tu, kwa salamu nzuri, na jina la La Doi halikutajwa tena mbele yake.

Mvua zilipokatika, jirani yake Lu Mai alikuja na fungu la mboga. Alikaa muda akizungumzia bei ya chumvi. Mwishowe akauliza, macho yakiwa sakafuni:

"Dada, ile siku ulimfunga kwa kamba gani?"

Kai Ra akaelewa. Lu Mai alikuwa na mwana aliyerudi kutoka Hpakant.

"Ameomba mwenyewe?"

"Ameomba jana. Analia."

"Asingeomba, kamba ingekuwa kazi bure." Kai Ra akamtolea mkanda mpana wa pamba, akamwonyesha namna ya kuviringisha vitambaa kwanza ili ngozi isichunike, akamwambia asichoke kumpa maji hata akiyatema.

Lu Mai alikunja mkanda, lakini hakuinuka. "Usinikasirikie, dada. Mwenzio si alikufa hata hivyo? Ilisaidia nini?"

"Nilimpata tena mume wangu kwa misimu miwili ya mvua," alisema Kai Ra. "Alipanda maboga. Yalitambaa mpaka juu ya paa, tukawa tunayachuma kwa ngazi, na yeye huko juu anaimba."

Alitaka kueleza jinsi boga moja lilivyobingirika likampiga shemasi mguuni, na jinsi La Doi alivyocheka hadi akakaa chini. Lakini Lu Mai alikuwa ameshavaa ndala zake, anatazama kwake, mwana anamwita. Akashukuru, akaondoka mbio.

Kai Ra akabaki mlangoni. Kisha akaimalizia hadithi mwenyewe, kwa sauti ndogo, mpaka mwisho.