Mstari Mweupe Bawani

Mwaka huo nilipanga chumba mtaa wa Kapata, katika mojawapo ya nyumba zile za safu walizojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa asili ya Kasai; nilimwita mama, kama kila mtu, naye akaniita tata, yaani baba. Nilikuwa nimeacha kuchimba kobalti, nikingoja lori la kunipeleka mji wa Fungurume, na mtu anayengoja huangalia kila kitu.

Niliangalia shomoro. Walikuwa na kiota kwenye tundu la ukuta ulimopita waya wa umeme zamani. Wazazi walidonoa makombo ya bukari, ugali wetu wa mahindi, mbele ya mlango, lakini waliyameza wenyewe. Kiotani walipeleka viwavi na panzi tu, kutoka kwenye ua wa miti wa jirani. Kwa nini? Shule niliiacha mapema, sikuwa na wa kumuuliza.

Kisha jirani akaukata ule ua ili ajenge ukuta wa matofali. Kesho yake shomoro wakaanza kupeleka bukari kiotani.

Siku ya tano kinda mmoja akaanguka. Tumbo limejaa, miguu haimbebi, na kwenye manyoya machanga ya bawa umepita mstari mweupe. Nilimweka ndani ya boksi la sabuni dirishani. Mama akamletea tonge la bukari. Nilipomwambia huenda hilo ndilo linalomdhuru, alicheka, akasema kumbe mchimbaji amekuwa daktari wa ndege.

"Mi nililesha batoto munane na bukari, tata."

"Bukari peke yake, mama?"

Akaligeuza tonge mkononi. "Hapana. Na samaki, na maharagi. Bukari tupu, mutoto anavimba tumbo."

Akalitazama tumbo la kinda, kisha akala lile tonge mwenyewe.

Nikachukua sururu yangu nikaenda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba za mwisho. Wachimbaji waliopita waliuliza nimepata madini gani pale. Nikawaonyesha kopo la mchwa. Mmoja akataka kujua soko lake liko wapi. Mchwa wengine niliwamwaga chini ya kiota, wazazi wakawaokotea makinda waliobaki kiotani.

Lori likaja, likaondoka bila mimi. Kinda alikuwa bado hasimami. Mama ndiye aliyejua kumlisha vizuri, kwa ncha ya unyasi wa ufagio.

Aliposimama hatimaye, nilimfungua bawa. Ncha za manyoya zilikuwa na rangi iliyokolea: ndizo zilizotangulia kuota, wakati ua bado upo. Katikati, ule mstari mweupe: siku za bukari. Karibu na mwili, rangi imekolea tena: mchwa. Chakula chake chote kilikuwa kimeandikwa pale.

Asubuhi moja aliruka hadi kwenye ukuta mpya wa jirani. Mama aliuliza kama ule mstari utamsumbua. Nikamwambia labda unyoya utakatikia hapo.

"Basi asiende mbali," akasema, na boksi akaliacha dirishani.