Watakatifu wa Mama Mdogo Luisa

Ukiishi Mapera na jina lako ni Victor, kuna asubuhi moja ya Julai utagongewa mlango kabla hujanawa uso. Ukifungua utamkuta mama mdogo Luisa, kanga ya kijani begani, anatazama fremu ya mlango badala ya kukutazama wewe.

"Shikamoo, Mzee Victor. Leo ni somo wako. Alikuwa askari. Walimwambia aiheshimu sanamu, akaipiga teke, wakamkata mguu. Heri."

Kisha huyo, ameshageuka. Hakuna habari za nyumbani, hakuna watoto hawajambo, hakuna mvua inasemaje huko bondeni. Mzee Victor hubaki mlangoni akiutazama mguu wake wa kulia, halafu wa kushoto, kwa sababu mama mdogo hajawahi kusema ni upi.

Huku kwetu karibu kila Mkatoliki amebatizwa kwa jina la mtakatifu. Huyo mtakatifu ndiye somo wako, na ana siku yake katika mwaka. Wengi wetu siku hiyo tunaikumbuka ikishapita. Mama mdogo hasahau hata moja. Ni mdogo wake mama, anakaa chumba cha uani, na kazi yake ni kuchambua kahawa. Vidole vyake vinatupa buni mbovu upande huu na nzima upande ule huku mdomo ukisimulia maaskofu waliokufa zamani huko Ulaya. Hali usipa, dagaa wetu wa ziwani, kama umegusana na ugali. Mashine ya kukoboa ikiwashwa hufunga masikio kwa kanga na kuingia ndani. Salamu zetu ndefu, zile za kuulizana mpaka hali ya mbuzi, zinamchosha kuliko kulima mashimo ya ngolo mlimani.

Sista Aurelia wa zahanati ndiye aliyetuambia kwanza kwamba hali hiyo ina jina. Akamwandikia mama mdogo barua ya kwenda kwa daktari mjini Mbinga, akaenda na mama, wakarudi na neno: usonji. Sista alieleza taratibu kwamba watu wenye usonji mara nyingi wana kitu kimoja wanachokipenda kwa moyo wote, kuliko sisi tunavyoweza kupenda chochote. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Usonji una somo?"

Sista alisema atauliza. Mpaka leo anauliza.

Siku moja nilimuuliza mama mdogo kwa nini watakatifu, kwa nini si kushona au redio kama watu wengine. Alifikiri mpaka nikadhani amelala.

"Mtakatifu ukimkuta leo kwenye tarehe yake," akasema, "mwakani utamkuta hapo hapo. Watu wanahamahama."

Nikaona ni jambo zuri sana. Kesho yake nikampa jirani yetu Rosina heri ya somo wake, na nilifurahi mwenyewe kwa kukumbuka. Mama mdogo alinitokea nyuma ya banda la kuku.

"Ulimwambia Rosina?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Rosina ni wangu. Tafuta vyako."

Nilitafuta vyangu. Sasa najifunza majina ya nyota, na yeye hazigusi kabisa. Kwake mipaka ni mipaka.

Mwaka huu ndipo Swalehe alipoivuka.

Swalehe ana duka pale njia panda ya kwenda kanisani. Ukoo wake ulitoka Kilwa, yeye kazaliwa Mbinga, na mdomo wake unaweza kukuuzia kiberiti wakati nyumba yako inaungua. Kuna mtu alimpa kalenda ya misheni, ile ya ukutani yenye jina la mtakatifu kwenye kila tarehe, naye akaitundika kuziba ufa nyuma ya kaunta. Akawa anaisoma wateja wasipokuwepo. Ikafika Agosti, watu wana hela za kahawa mfukoni, na Swalehe akapata wazo. Akachukua ubao, akaandika kwa chaki: LEO SOMO WA KINA LIDIA. HERI! SODA NUSU BEI.

Mimi nilikuwa na mama mdogo asubuhi hiyo, nimebeba debe la maji nyuma yake. Alikuwa anakwenda kwa Mama Lidia, na njiani alikuwa akijifanyia mazoezi kwa sauti ya chini: aliuza nguo za zambarau, aliuza nguo za zambarau. Tulipofika, Mama Lidia alikuwa amekaa barazani na soda ya chungwa mkononi.

"Karibu, Luisa! Umechelewa leo. Swalehe keshanipa heri yangu. Nusu bei, mdogo wangu! Mwaka huu mtakatifu wangu kanikumbuka."

Mama mdogo alitazama soda. Akatazama fremu ya mlango. Akageuka, tukarudi nyumbani bila zile nguo za zambarau kutajwa.

Mchana alichambua kahawa vibaya. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo: mbovu na nzima zote rundo moja. Mama akaacha kupepeta, akakaa karibu naye, lakini si karibu sana.

"Kuna nini, Luisa?"

"Wakishasalimiwa, mimi nikifika niseme nini?"

"Utasema habari za asubuhi."

"Siwezi hiyo. Inarudi na maswali."

Mama alirudi kwenye ungo wake. Baadaye jikoni akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Unaona? Sisi tuna milango kumi ya kuingilia kwa watu. Yeye ana huo mmoja, na Swalehe kauwekea kreti ya soda."

Nikataka kwenda kumwambia Swalehe. Mama akanishika sketi ya shule. "Mwache Luisa mwenyewe. Hujui akili yake."

Kweli sikuijua. Kwanza alijaribu kuwahi. Akawa anagonga milango jogoo akiwa bado anajinyoosha, mpaka Mzee Ildefonsi akaamka na panga akidhani ni mwizi, wakati mtakatifu wa siku hiyo hakuwa hata wake. Mama mdogo alikuwa amekosea nyumba kwa sababu ya giza. Halafu akaenda dukani akamwambia Swalehe usoni, au tuseme kwenye kopo la maziwa lililokuwa karibu na uso wake:

"Watakatifu ni wangu."

"Wote, dada yangu?" Swalehe akacheka. "Hata waliobaki stoo?"

"Wote. Wewe una manabii. Mimi sijawagusa."

"Dada Luisa, hawa ni wa Kanisa zima."

"Kanisa zima halikuja kumsalimia Mama Lidia. Nilikuwa nakuja mimi."

Wateja walicheka sana. Glorious, yule wa bodaboda ambaye jina lake halimo kwenye kalenda yoyote na hunywa soda kwa bei kamili kila siku, alicheka kuliko wote. Mama mdogo hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anaitazama kalenda.

Siku chache baadaye akaniambia twende dukani. Alisimama mbele ya kaunta akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akimwambia Swalehe: "Naomba mafuta ya kula ya kupima, yale ya kwenye pipa la ndani, si haya ya hapa."

Swalehe, kwa mshangao, akakimbilia ndani na chupa. Mama mdogo akapita upande wa kaunta, akafunua ukurasa wa Agosti, akafunua Septemba, akazipeleka zote nyuma, akarudi mahali pake. Ukutani sasa ilikuwa Oktoba.

"Mama mdogo!" nikasema.

"Tazama chumvi," akaniambia.

Nikatazama chumvi. Sijawahi kuitazama chumvi kwa hamu kama siku ile.

Asubuhi yake ilikuwa tarehe ishirini Agosti, siku ya Mtakatifu Bernadi, na mama mdogo aliondoka nyumbani karibu anarukaruka. Swalehe husoma namba tu, mwezi hauangalii. Kwenye ishirini ya Oktoba angekuta jina jingine kabisa, na Bernadi angebaki salama.

Alibaki. Mzee Bernadi alitufungulia mwenyewe, hana soda, hana habari, mkewe nyuma yake na ufagio.

"Shikamoo, Mzee Bernadi. Leo ni somo wako. Alihubiri vizuri mno, wanawake wakawa wanawaficha waume zao wasimfuate utawani. Heri."

Mke wa Mzee Bernadi aliegemea ufagio akacheka mpaka machozi. "Huyu wangu nimfiche kwa nani? Hata nikimwacha barabarani, saa ya ugali atarudi!"

Mama mdogo alitabasamu kwa fremu ya mlango. Siku nyingine angekwenda nyumbani moja kwa moja, lakini ushindi ulimpanda kichwani. Akataka kupita dukani kuona.

Pale dukani kulikuwa na shangwe. Ubao ulisema LEO SOMO WA WENDELIN, na Wendelin mwenyewe, anayetuletea usipa kutoka Lituhi, alikuwa ameshusha tenga lake na ameinua chupa juu kama kombe. Wendelin anaijua siku yake. Kila Oktoba mama mdogo humsimulia mtoto wa mfalme aliyeacha ufalme akachunga mifugo. Ila Wendelin si mtu wa kubishana na soda ya nusu bei.

"Heri ya somo, Wendelin!" Swalehe akapaza sauti.

"Asante, asante! Siku hizi hata watakatifu wanawahi!"

Nilidhani mama mdogo atacheka. Mpango wake ulikuwa umefanya kazi kuliko alivyopanga. Lakini alisimama pale pale, mikono ikaanza kupepea kama anakausha maji.

"Si leo," akasema.

Hakuna aliyesikia. Watu walikuwa wanapiga makofi.

"SI LEO!" Duka zima likageuka. "Si leo yake! Yake ni Oktoba! Mnampa heri ya uongo! Mimi niligeuza kalenda, mimi, jana, akienda kuchota mafuta. Leo ni Bernadi. Wendelin, teremsha chupa!"

Wendelin akaiteremsha. Ilikuwa imebaki nusu, na kwa uso wake alikuwa anajiuliza kama arudishe na ile nusu ya tumboni.

Swalehe alitazama kalenda. Akarudisha Septemba, akarudisha Agosti, akaweka kidole kwenye ishirini, akasoma. Halafu akaegemea kaunta, mabega yakaanza kutikisika. "Dada Luisa, umenihujumu. Mimi, mtoto wa Kilwa, nimehujumiwa kwa mafuta ya kula! Na ungenyamaza, hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua."

"Sasa ulitaka nini?"

Mama mdogo alivuta kanga mpaka kidevuni. Nilimwona akitafuta maneno kwenye rafu, katikati ya sabuni na biskuti. "Ukisema wewe kwanza, mimi nikifika sina la kusema. Narudi. Halafu sisemi na mtu mpaka mwingine, na huyo mwingine nawe unamsema kwanza."

Swalehe aliacha kucheka. Alichukua kitambaa akafuta kaunta ambayo haikuwa na kitu.

"Basi sikiliza," akasema. "Ubao nafuta. Soda ya nusu bei ni ya aliyesalimiwa na Dada Luisa. Ambaye hajasalimiwa, bei ni ile ile."

"Tutadanganya," Glorious akasema kwa uaminifu.

"Hamtaweza. Atakayekuja atanisimulia somo wake alifanya nini. Akianza kujiumauma hapa, namjua hajafika kwa Luisa."

Mama mdogo alifikiri. "Na kalenda?"

"Kalenda inaziba ufa, dada yangu."

"Igeuze itazame ukuta."

Ikageuzwa. Sasa dukani kwa Swalehe kuna karatasi nyeupe kubwa ukutani, na wageni wanadhani ni mapambo ya pwani.

Yaliyofuata hata mama hakuyatazamia. Mama mdogo hakuhitaji tena kuwahi milango ya watu, kwa sababu watu walianza kuja kwenye wake. Alikasirika. Akawaambia wasije kwa kundi, wasikanyage kahawa iliyoanikwa, na wasiulize habari za nyumbani. Wakakubali yote. Mtu akishajua kuna soda mbele, hukaa vizuri kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Mwanzoni mwa Septemba akaja Mansuetus, kijana wa kwaya, anapenda kukatiza maneno ya watu.

"Somo wako alikuwa askofu," mama mdogo akaanza. "Mtoto wa mfalme alikuwa anacheza mpira, akaanguka mtoni..."

"Akaokolewa!"

"Akafa. Kaa kimya. Akafa, askofu akaomba, mtoto akafufuka."

"Mpira je?"

Nikautazama mlango wa chumba chake. Maswali ndiyo humfukuza mama mdogo. Lakini lile halikuwa swali la habari za nyumbani. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu machoni, kidogo tu, kama anayepima joto la maji kwa kidole.

"Mpira haujaandikwa," akasema. "Hata mimi nimejiuliza."

Wakakaa uani wakibishana kuhusu huo mpira mpaka buni zikahitaji kugeuzwa, na Mansuetus akasaidia kugeuza. Alipoondoka alipita dukani, akasimulia vizuri mno, akapata soda. Kisha akawa anamsimulia kila anayepita njia panda, kwa mikono na miguu, na mfalme akilia.

Habari zikatufikia kabla ya jioni. Mama mdogo alifunga kanga kiunoni, akashika njia, nami nyuma yake. Tulimkuta Mansuetus anafufua mtoto kwa mara nyingine mbele ya akina mama waliotoka mashineni.

"Mansuetus! Nilikupa ukanywee soda. Sikukupa ukagawe."

"Lakini mama mdogo, ni somo wangu!"

Hilo lilimpata. Akina mama wakasubiri na magunia yao kichwani.

"Wako leo tu," akasema hatimaye. "Kesho unamrudisha." Kisha akasogea upande, akakunja mikono, akabaki kusikiliza kama atakosea.

Alikosea mara mbili. Mara zote mbili mama mdogo alimsahihisha kwa sauti ambayo hata waliokuwa kanisani waliisikia.