Jini ya Mutwiri Niliyoimeza Yote

Niseme tu ukweli, hata leo nikimwona mtu aliyekuwa pale Kanyakine Jumamosi ile mimi huvuka barabara, na mimi ni mwalimu, mtu wa kuamkiwa kwa heshima sokoni.

Mdogo wangu Mutwiri anatengeneza jini (ya kunywa, si ile ya kukemewa kanisani), na leseni anayo. Lakini baba yetu aliuawa na chang'aa, ile pombe haramu ya vichochoroni, kwa hivyo Mutwiri alipoanza hiyo kazi nilimwambia maneno ambayo dada hafai kumwambia ndugu yake, na kwa miaka miwili hatukusemezana. Halafu siku moja akanipigia simu: "Dada, wanunuzi wanakuja kuonja. Nataka uwe hapo." Jumamosi hiyo nikatoka Embu asubuhi kwenda kwake Kanyakine, bila hata kunywa chai.

Nilikuta watu kama kumi wamezunguka meza, glasi ndogo ndogo zimepangwa, na katikati bakuli kubwa la bati. Mutwiri akaninong'oneza, "Umewahi kuonja hizi vitu? Nikueleze?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nikasema, "Kwani mimi ni mtoto?"

Ya kwanza ilinichoma mpaka masikio, halafu ikaacha harufu ya limau na mchaichai, kama shamba lililonyeshewa, nikashangaa kwamba haikufanana hata kidogo na ile harufu ya koti la baba. Nikameza. Ya pili nikameza. Nilijiambia kila glasi ninayomaliza ni kumwomba Mutwiri msamaha. Kufika ya tano meza ilikuwa imeanza kuhama, na ndipo nikaona mama mmoja, mnunuzi wa hoteli kutoka Nairobi, anavuta kidogo mdomoni halafu anatema kwa bakuli. Anatema! Jasho la ndugu yangu!

Nikasimama. "Wewe mama, kwenu mlifunzwa kutema kitu umekaribishwa? Huyu ni ndugu yangu! Kama hutaki, si uende!"

Nikanyakua lile bakuli nimwonyeshe alichofanya, mguu ukakwama kwa kiti, na mate ya watu kumi yakamwagikia sketi yake nyeupe.

Hakuna aliyecheka. Mutwiri akanishika mkono, akanitoa nje, akaniketisha kando ya tangi la maji na kunipatia ndizi mbili. Nilidhani atanifukuza.

"Dada, kutema ndiyo kazi yao," akasema polepole. "Bakuli ni la hiyo. Wakimeza zote watajuaje iliyo nzuri?"

Nikaanza kulia, mtu mzima, na ganda la ndizi mkononi. "Nilitaka ujue sina hasira na wewe tena."

Akalitoa lile ganda mkononi mwangu. "Si ungeniambia tu."

Jumatatu nikampigia yule mama nikiwa na akili zangu, nikamwomba radhi. Akasema sketi ilishafuliwa, na oda ya jini ya Mutwiri ataifikiria. Mpaka leo anafikiria. Mutwiri hajanilaumu hata mara moja, na hiyo ndiyo inayonichoma zaidi, afadhali angenigombeza. Basi nimeapa: nikiwa na msamaha wa kuomba, nitafungua mdomo niuombe kwa maneno, hata yakitoka yamevunjika, na nitakuwa nimekula kwanza.