Waridi la Mbuvi

Ua likiugua kijijini Kikima, wa kwanza kuambiwa ni Ndinda. Watu humletea majani yenye madoa meusi, vichipukizi vilivyojikunja, maua yaliyooza kabla ya kuchanua. Huyageuzageuza juani, akakwaruza shina kwa ukucha, akanusa, kisha akautaja ugonjwa bila kumumunya maneno. Akina mama wa kanisa humtania kwamba hata ua halithubutu kumdanganya.

Waridi lake jekundu lilikuwa juu ya kaburi la Mbuvi, mwanawe wa pekee, nyuma ya nyumba. Palipozikwa mtu kijijini, Ndinda alikata kijiti cha waridi hilo akakipanda kaburini kwa mkono wake. Wafiwa walimngojea kama walivyomngojea mchungaji. Kwake yeye, ni kama Mbuvi alikuwa akienda kuwapa pole.

Mwezi uliopita alikuja Nzilani, jirani aliyefiwa na mume mwaka juzi, amebeba mche uliokauka kaburini kwa mumewe. Juu kidogo ya mizizi palikuwa na uvimbe mgumu wenye nundunundu kama tangawizi. Ndinda aliugeuzageuza juani.

Uvimbe huo aliujua. Ulikuwa kwenye waridi la Mbuvi kwa miaka, naye, mtu wa kuona doa dogo kwenye jani la mwenzake, akajiambia ni uzee tu. Aliukata kwa kisu kilekile alichokatia vijiti vya wafiwa, wala hakukipitisha motoni kuua ugonjwa. Sasa alimwambia Nzilani kwamba dawa hakuna, ni kung'oa na kuchoma, na mahali pale pasipandwe waridi tena.

"Sasa Mama Mbuvi, hii ugonjwa imetoka wapi?"

Angeweza kusingizia udongo, na Nzilani angeamini.

"Imetoka kwangu. Ni hii kisu yangu. Nimepelekea watu wote."

Nzilani hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama la Mbuvi nalo litang'olewa. Ndinda aliingia ndani akatoka na jembe.

Walichimba pamoja. Mizizi ilikuwa imeshuka mbali, na kila jembe lilipozama Ndinda alilia waziwazi, akimwomba mwanawe msamaha. Walipomaliza kuchoma, kaburi lilikuwa udongo mtupu kama siku ile walipomzika.

Asubuhi yake alibeba jembe lilelile akaanza kuzunguka kwa wafiwa, kaburi kwa kaburi, kung'oa alichopanda.